Re: Akili na mwili ni kitu kimoja au viwili?

Mkuu umeuliza kama nafsi ni kitu cha peke yake au ni ubongo tu unapiga kazi, na utamaduni unaingiaje hapo.

Aliyeukoroga huu mjadala ni Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, 1641 akaandika kwamba akili haina umbo na mwili unaenda kama mashine, 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia akamwandikia barua, sasa kitu kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Hakupewa jibu la kumridhisha, na mimi naona hapo ndo pagumu mpaka leo.

Halafu mcheki Phineas Gage, msimamizi wa mafundi reli Marekani, 1848 baruti ililipuka mtaimbo ukaingia shavuni ukatokea utosini, jamaa akapona anaongea anatembea ila marafiki wakasema huyu sio Gage wetu. Kwahiyo tabia ina mizizi kwenye ubongo, hilo halina ubishi kwangu. Ila bado haielezi kwanini maumivu yanauma, mwanafalsafa David Chalmers alilikomalia hilo 1995.

Kuhusu utamaduni, nenda msiba wowote huku Dodoma vijijini. Mfiwa anasema mwili hauna nguvu, wamama wanalala nae chini kwenye mkeka, mmoja anamshikia kikombe cha uji wa uwele mpaka ameze, hakuna anayeuliza hii ni huzuni ya roho au ya mwili, wanamhudumia mtu mzima mzima. Hata ndugu wanaompeleka mgonjwa wao Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, na bado wanamwombea kanisani, mimi sioni kama wanajichanganya, mradi dawa asiache.