Kabla hujagombana na shemeji yako kuhusu kodi ya New Jersey

Shemeji yangu anaishi Houston, mimi niko New Jersey tangu 2009. Kila Februari, W-2 (fomu za mwajiri zinazoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa) zikianza kuingia kwenye masanduku ya barua, ugomvi wetu hufufuka kwenye kundi la familia la WhatsApp. Yeye husema, "Nyie mnajitoza kodi kubwa kwa hiari yenu, halafu mnataka sisi wa Texas tuwafidie." Mimi humjibu kwamba pesa niliyokwisha kulipa jimboni sijaila, sasa kwa nini Washington, yaani serikali kuu, waitoze kodi kana kwamba bado iko mfukoni mwangu? Mke wangu huweka picha ya bisi na kukaa pembeni.

Kwa ambao hamjaingia kwenye vita hii: unapokokotoa kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, sheria inakuruhusu kutoa kwanza kwenye mapato yako kodi ulizolipa kwa jimbo, kaunti na mji. Ruhusa hiyo ina umri mkubwa. Ilikuwepo kwenye kodi ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, ikarudi 1913. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Ronald Reagan alitaka kuifuta, na Mario Cuomo, gavana wa New York, akasimama mstari wa mbele kuitetea. Mwaka 1986 kikafutwa kipande cha kodi ya mauzo tu. Miaka 30 baadaye mwanawe Andrew, naye gavana wa New York, akajikuta kwenye vita ileile ya baba yake, ila safari hii walipigwa. Sheria ya Desemba 2017 iliweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi unazoweza kukata kuanzia 2018, uwe peke yako au mke na mume. New York, New Jersey, Connecticut na Maryland wakaenda mahakamani, wakashindwa, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuwasikiliza.

Sisi tulinunua nyumba 2016. Dalali aliyetuuzia alitutuliza kwa maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Kodi ya nyumba isikutishe, utaikata." Nikaelewa kwamba nitarudishiwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kukata hakumaanishi kurudishiwa. Ukikata dola 1,000 na mapato yako ya juu yanatozwa asilimia 22, umeokoa dola 220, na 780 umelipa wewe. Halafu kuna sharti ambalo dalali hakulitaja: unachagua njia moja kati ya mbili. Ama uorodheshe makato yako moja moja kwenye Jedwali A (kodi za jimbo na nyumba, riba ya mkopo wa nyumba, sadaka), ama uchukue punguzo la kawaida ambalo kila mtu anapewa bila kuulizwa risiti.

Nitaweka hesabu zetu wazi, kwa sababu bila namba mjadala huu ni kelele tupu. Mwaka 2017 mimi na mke wangu tuliingiza kama dola 130,000. Kodi ya nyumba 9,400, kodi ya mapato ya jimbo 3,600, riba ya mkopo 11,200, sadaka 1,600. Jumla 25,800, wakati punguzo la kawaida la mke na mume lilikuwa 12,700. Tukaorodhesha, tukapata marejesho (kodi iliyokatwa kupita kiasi kwenye mishahara, ambayo hurudishwa) ya dola 3,100, tukanunua friji.

Mwaka uliofuata kikomo kikaanza, na marejesho yakaanguka hadi dola 600. Nilipandwa na hasira. Niliandika aya nne kwenye kundi la familia nikiwalaani wanasiasa kwa majina yao. Shemeji akajibu kwa sentensi moja: "Angalia mstari wa jumla ya kodi, usiangalie marejesho."

Niliangalia, ingawa sikumwambia. Mwaka 2017 kodi yetu yote ilikuwa kama dola 12,500. Mwaka 2018, kwenye mapato yaleyale, ilikuwa kama 11,200. Tulikuwa tumelipa kidogo zaidi! Punguzo la kawaida lilikuwa limepanda hadi 24,000, viwango vimeshuka, na unafuu wa watoto wetu wawili umeongezeka. Vyote pamoja vilizidi tulichopoteza kwenye kikomo na kwenye misamaha ya kila mwanafamilia iliyofutwa. Marejesho yalipungua kwa sababu majedwali ambayo waajiri hutumia kukata kodi kwenye mshahara yalibadilishwa mapema 2018, kwa hiyo pesa ilikuwa ikija kidogo kidogo kwenye kila mshahara na sisi tukaila bila kuiona. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "mwaka huu wamenimaliza, nimerudishiwa kidogo," swali langu la kwanza ni lile la shemeji.

Hatukuwa peke yetu. Kabla ya 2018 kama watu watatu kati ya kumi waliorodhesha makato. Baadaye ikawa kama mmoja kati ya kumi. Kwa hao tisa kikomo ni habari ya gazetini. Ukipanga nyumba na unaishi kwa mshahara wa kawaida, huna farasi kwenye mbio hizi. Na hapa nakubaliana na shemeji, japo kwa shingo upande: faida kubwa ya makato haya inakwenda kwa wenye kipato kikubwa. Mwaka 2021 Wademokrati wa Bunge la Wawakilishi walipotaka kupandisha kikomo hadi 80,000, seneta Bernie Sanders, ambaye hakuna anayeweza kumwita mtetezi wa matajiri, alipinga. Asichokubali shemeji ni kwamba Texas haina kodi ya mapato ya jimbo lakini kodi yao ya nyumba si mchezo, na yeye mwenyewe anaikata palepale ninapokata mimi.

Sasa ya 2025. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilipandisha kikomo hadi dola 40,000 kwa mwaka 2025, kinaongezeka asilimia moja kila mwaka hadi 2029, kisha 2030 kinarudi 10,000. Mwenye mapato zaidi ya 500,000 anaanza kupunguziwa kikomo hicho, lakini huyo hasomi blogu yangu. Ilipopita nilishangilia. Nikakaa na kikokotoo: kodi ya nyumba sasa 11,800, ya jimbo 6,800, riba 9,400, sadaka 4,000. Jumla 32,000. Punguzo la kawaida la mke na mume kwa 2025 lilikuwa 31,500. Nimelizidi kwa dola 500. Kwa asilimia 22, hiyo ni dola 110. Miaka saba ya kutukanana na shemeji, dola 110.

Anayefaidika hasa ni mtu kama rafiki wa mke wangu, muuguzi, hana mume wala mtoto, ana nyumba yake na anapiga zamu za ziada bila kupumzika. Punguzo lake la kawaida kwa 2025 lilikuwa 15,750 tu, riba yake pekee inakaribia hapo, na kodi zake za jimbo na nyumba ni 15,000. Kikomo cha zamani kilikuwa kinamnyima 5,000. Sasa anazikata zote, na kwa kiwango chake hiyo ni zaidi ya dola elfu moja. Kama uko peke yako na una nyumba, usimkubalie mtu anayekujazia fomu kwa dakika kumi akakuwekea punguzo la kawaida kwa mazoea. Mwambie apige hesabu zote mbili mbele yako.

Mwenye kampuni anaweza kuwa na mlango mwingine, kulingana na aina ya kampuni. Majimbo mengi yanaruhusu kampuni ilipe kodi ya jimbo kwa niaba ya mmiliki, na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, iliubariki mpango huo Novemba 2020. Muulize mhasibu wako. Sisi wa W-2 mlango huo umefungwa.

Makosa yangu mawili, uyaepuke. Nilikata pesa zote nilizoweka kwa mwaka kwenye akaunti ya eskrou, ambamo benki hukusanya pesa za kulipia kodi ya nyumba. Kinachohesabika ni kile benki ilichopeleka kwa mji mwaka huo, kimeandikwa kwenye taarifa yao ya Januari. Pia nilijumlisha ada ya taka. Ada si kodi. Na ndiyo, niliwahi kuuliza kuhusu nyumba yetu ya Tanga, maana kodi ya majengo inakatwa kila tunaponunua umeme wa LUKU. Haikatwi huku. Kodi ya nyumba binafsi iliyo nje ya Marekani iliondolewa na sheria ileile ya 2017.

Wakati nabishana na Houston, kulikuwa na pesa za jimbo lenyewe nilizokuwa sizifuatilii. New Jersey ina mpango wa ANCHOR, wa kupunguza mzigo wa kodi ya nyumba: mwenye nyumba mwenye mapato hadi 150,000 amekuwa akipata dola 1,500, kati ya hapo na 250,000 dola 1,000, na mpangaji mwenye mapato hadi 150,000 hupata 450. Wapangaji, mmesikia? Mwaka wa kwanza barua yake niliitupa nikidhani ni tangazo. Aliyeniokoa ni jirani, mzee wa Kireno mstaafu, aliyeniuliza nikiwa nafagia theluji kama cheki yangu imeshafika.

Cheki ya mwisho ilikuwa 1,000, karibu mara tisa ya ushindi wangu wa Washington. Nilimpigia picha shemeji nikamtumia. Akauliza kama Texas nao wana kitu cha namna hiyo. Nimemwambia atafute mwenyewe.