Maswali ya Wasomaji: Nyuso za Buluu kwenye Skrini

SWALI: Ninajifunza kuandika programu kwa lugha ya QBasic na nimefika kwenye michoro ya SCREEN 13, hali ya skrini yenye rangi 256. Programu yangu inafungua faili ya picha ya BMP yenye rangi 256 na kuionyesha. Maumbo yanatokea sawasawa, lakini nyuso za watu ni za buluu na sehemu zenye mwanga zimejaa madoa ya giza. Ninapeleka rangi kwa amri ya OUT, inayopeleka nambari moja kwa moja kwenye kadi ya michoro, kwa kuwa PALETTE, amri ya QBasic ya kubadilisha rangi, ilikuwa ikisimamisha programu kwa kosa. Nimekosea wapi? Tena, nawezaje kuififisha picha polepole hadi skrini iwe nyeusi, bila kuichora upya kila mara?

JIBU: Kutokea kwa maumbo sawasawa ni dalili njema, kwani kunaonyesha kwamba pikseli umezisoma vizuri. Katika SCREEN 13 pikseli haibebi rangi. Hubeba nambari tu, kuanzia 0 hadi 255, na kadi ya michoro ndiyo inayotazama katika jedwali lake, yaani paleti, ili kujua nambari hiyo ionyeshwe kwa rangi gani. Nambari zako ni sahihi. Lililoharibika ni jedwali, na limeharibika kwa makosa mawili.

Kosa la kwanza ni mpangilio. Katika paleti ya BMP kila rangi huchukua baiti nne: buluu, kijani, nyekundu, kisha moja isiyotumika. Mlango wa kadi wa kupokelea rangi, yaani poti ya &H3C9, kinyume chake, hupokea nyekundu kwanza, kisha kijani, kisha buluu. Ukizipeleka baiti kama zilivyokuja kutoka kwenye faili, nyekundu ya ngozi inakaa mahali pa buluu, na hapo ndipo nyuso zako zilipogeuka za buluu.

Kosa la pili ni kipimo. BMP hupima kila rangi ya msingi kwa 0 hadi 255, ilhali VGA, kiwango cha kadi ya michoro kilichotolewa na IBM mwaka 1987, huipima kwa biti sita tu, yaani 0 hadi 63, ambapo ndipo inapotoka ile hesabu ya rangi 262,144 zinazowezekana. PALETTE hukataa nambari inayozidi 63, na kwa kweli ilikuwa inakusaidia. OUT haikatai kitu: kadi huzitupa biti mbili za juu na kuendelea, hivyo 64 husomwa kama 0, na mahali palipostahili mwanga panaingia giza. Gawanya kila nambari kwa 4, lakini tumia alama ya \, inayotupa desimali, na si /, kwa sababu 255 / 4 ni 63.75, ambayo QBasic huikadiria kuwa 64, na doa la giza linarudi palepale penye weupe kamili. Kosa hili dogo huwapotezea watu jioni nzima.

Kuhusu kufifisha, hapa ndipo paleti inapoonyesha faida yake, kwani ukibadilisha jedwali, pikseli zote 64,000 hubadilika pamoja bila hata moja kuguswa. Hifadhi paleti ya asili katika safu, kisha andika kitanzi kinachoshuka kutoka 63 hadi 0, na katika kila hatua peleka rangi ya asili ikizidishwa kwa hatua hiyo na kugawanywa kwa 63. Wengi hupunguza 1 kutoka kila rangi ya msingi. Mimi siipendi njia hiyo, maana rangi ya msingi iliyo hafifu hufika sifuri mapema na picha hubadilika sura kabla ya kuzimika. Piga hesabu kutoka kwenye safu ya asili daima, usiipige kutoka kwenye nambari ulizokwisha kuzipunguza, la sivyo makosa ya ukadiriaji yatarundikana. Nambari ya rangi ya kuanzia ipeleke kwenye poti ya &H3C8 mara moja tu, kwa kuwa kadi husogea yenyewe kwenye rangi inayofuata kila inapopokea baiti tatu.

Kabla ya kila hatua weka amri ya kusubiri, WAIT &H3DA, 8, 8 ikifuatwa na WAIT &H3DA, 8, ili badiliko lianze wakati skrini haichorwi. Skrini ya aina hii huchorwa takriban mara 70 kwa sekunde, hivyo hatua zako 64 zitachukua karibu sekunde moja, mradi kompyuta imudu kupeleka jedwali lote kwa wakati. Baada ya hapo andika PALETTE peke yake, bila nambari yoyote, na rangi za kawaida za SCREEN 13 zitarudi. Vinginevyo maandishi utakayoyachapa baadaye yatakuwapo kwenye skrini, ila kwa rangi nyeusi juu ya nyeusi.