Wekeni mpira chini kwanza: kwa vijana wapya wa zimamoto ya kujitolea

Jumamosi niliwapa zoezi jepesi: mtu kazimia kisimani. Kugeuka, nakuta wanne wameshakunjua mpira na mmoja anauliza maji tutayapata wapi. Wadogo zangu, maji ya nini? Nawapenda, ila mnanizeesha. Si kila anayetuita anaunguliwa.

1. Mkishuka kwenye gari, subirini mkuu azunguke eneo. Simu za kurekodi zirudi mfukoni.

2. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Funga valvu, fungua milango, swichi usiiguse, hata ya kuzima.

3. Mafuta ya chipsi yakiwaka, zima jiko, funika sufuria. Maji usiyataje.

4. Visima na mashimo ya choo. Hapa nikae kidogo.

Tuliitwa mahali, fundi kashuka kisimani na haitikii. Pampu ya petroli walikuwa wameiteremsha na kuiwashia hukohuko chini, maana ikikaa juu haivuti maji yaliyozidi mita saba, nane hivi. Kiongozi wa zamu ni mimi. Nikainama, nikanusa, sikusikia harufu yoyote. Nyuma yangu watu wanapiga kelele, "Zimamoto gani nyie, mmesimama tu!" Aibu ikanipanda. Nikamruhusu kijana wangu ashuke, kamba kiunoni, leso mbichi puani. Leso! Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na leso haiizuii hata kidogo. Katikati ya ngazi nikaona mkono wake unaachia, kidole kimoja kimoja. Hakuteleza. Tukamvuta juu kama ndoo.

Yeye alipona, leo ni bodaboda na akiniona ananiita "mzee wa leso". Fundi alitolewa baadaye na wenye mitungi ya hewa, ameshafariki. Na ile kamba msinisifie: nilimfunga kwa mazoea, akili yangu yote ilikuwa kwa wale waliokuwa wananizomea.

Basi sikilizeni. Barakoa ya kuchuja haikupi oksijeni mahali ambapo haipo. Chooni, harufu ya mayai viza ikikatika ghafla, pua ndiyo imekufa ganzi, gesi bado ipo. Bila mtungi wa hewa hashuki mtu. Kama aliye chini bado anajitambua, mteremshieni kamba yenye kitanzi. Na mmoja wenu amshike kaka wa mhanga, kwa sababu huyo ndiye atakayeruka.

5. Lori la mafuta likipinduka, kazi yenu ni kufukuza wenye madumu. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu walikimbilia kuchota petroli, ikalipuka; waliokufa walizidi 100. Simameni mbali, upepo uwe mgongoni. Bodaboda aliyekuja kushangaa aondoke akisukuma pikipiki, asiiwashe.

6. Ukipiga 114, namba ya zimamoto, taja alama: msikiti, shule, transfoma. "Hapa kwa Mangi" kila mtaa upo.

Wiki ijayo ni gari lililobiringika, abiria wamebanwa ndani. Glavu ngumu na buti. Atakayekuja na kandambili atashika koni barabarani hadi jioni, na chai hanywi.