Maswali Yenu Kuhusu Magwiji wa Besiboli

Rekodi ya Hank Aaron imekwisha kuvunjwa. Kwa nini bado anatukuzwa kiasi hicho?

Kwa sababu ya yale aliyoyavumilia ili kuifikia. Babe Ruth, gwiji wa enzi za kabla yake, alikuwa ameacha rekodi ya mapigo 714 ya kuuvusha mpira nje ya uzio, na Aaron, mtu mweusi mzaliwa wa Mobile, Alabama, alipoikaribia mwaka 1973 alimiminiwa barua za matusi na vitisho vya kuuawa, hata ikabidi apewe mlinzi. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, aliupiga mpira uliorushwa na Al Downing wa timu ya Dodgers, ukapita juu ya ukuta wa kushoto na kudakwa na Tom House, mchezaji mwenzake. Alipokuwa akivizunguka vituo vinne vya uwanja ili kukamilisha pigo lake, vijana wawili waliruka kutoka jukwaani, wakamkimbilia na kumpigapiga mgongoni. Walikuja kumpongeza tu, lakini anayezikumbuka zile barua huitazama picha hiyo roho mkononi. Mama yake naye alishuka uwanjani akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Barry Bonds alimpita mwaka 2007, lakini kwangu mimi hakuna pigo lililozidi lile la 715.

Je, Jackie Robinson ndiye mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani?

Ni wa kwanza katika karne ya 20. Moses Fleetwood Walker alimtangulia mwaka 1884 akiwa na timu ya Toledo, kisha wenye timu wakawafungia weusi mlango hadi tarehe 15 Aprili 1947, Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Jezi yake namba 42 ilistaafishwa na timu zote mwaka 1997.

Don Larsen anasifiwa kwa mchezo mmoja tu. Alifanya nini?

Akiwa mrushaji wa New York Yankees katika fainali za mwaka 1956, aliwatoa wapigaji 27 wa Dodgers mfululizo, yaani mchezo mzima, asifike hata mmoja kituo cha kwanza. Hakuna mrushaji mwingine aliyewahi kufanya hivyo fainalini.

Afrika nayo ina lake?

Linalo. Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Tarehe 26 Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza katika ligi kuu, akiichezea Pittsburgh Pirates, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira wa mrushaji Jon Lester na kufika kituoni salama.