Waulize Mafundi: Hedifoni za gemu

SWALI: Kaka mafundi, habari za kazi. Nacheza gemu za kufyatuliana risasi kwenye simu kwa hedifoni ndogo za Bluetooth. Muziki unalia safi kabisa, ila kwenye gemu nishakufa ndiyo nasikia bunduki. Nikiwasha maiki niongee na timu, sauti inakuwa kama ya redio mbovu. Zimekufa?
*Msomaji, Ligula, Mtwara*

JIBU: Nzima, mdogo wetu. Bluetooth haipeleki sauti kama ilivyo. Simu inaibana kwanza, inairusha, kisha hedifoni inaifungua na kuweka akiba kidogo isikatike njiani. Kwa mfumo wa kawaida uitwao SBC, safari hiyo inakula kama milisekunde 150 hadi 250. Ukiangalia filamu hugundui, kwa sababu programu huichelewesha picha iendane na sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, maana haijui utafyatua lini. Adui anayekimbia mita 6 kwa sekunde, ndani ya milisekunde 200 ameshasogea mita 1.2: unasikia kishindo mlangoni, mwenyewe yuko ndani.

La maiki ni jingine. Bluetooth hiyo ina njia ya muziki, isiyobeba maiki, na njia ya kupigia simu, inayoibeba. Ukiwasha maiki inahamia ya pili, ambako masikio yote yanapata sauti ileile moja, tena iliyopimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100. Kushoto na kulia hupajui tena.

Rudi kwenye waya. Kama simu haina tundu la milimita 3.5, nunua kiunganishi cha USB-C chenye chipu ya sauti (DAC) ndani. Vile vya bei ya kutupa ni waya mtupu, na simu nyingi hazitoi sauti kupitia humo, kwa hiyo jaribu dukani kwa simu yako, si ya muuzaji. Ukikataa waya kabisa, tafuta hedifoni zenye kijiti chake cha USB cha gigahezi 2.4. Kuchelewa kwake ni kudogo mno sikio kukugundua. Na ile “7.1” (yaani sauti ya spika nane zinazokuzunguka) iliyoandikwa kubwa kwenye boksi isikupandishie bei: mara nyingi ndani mna spika mbili tu, kushoto na kulia, zilizobaki ni hesabu za programu.

SWALI: Nina kibanda cha gemu, PS4 nne chumba kimoja. Sauti za TV zinagongana na majirani wameanza kununa. Nimechomeka hedifoni kwenye pedi, kimya!
*Msomaji, Mtanda, Lindi*

JIBU: PS4 ikiona hedifoni, kwa kawaida hupeleka humo mazungumzo tu. Ingia Settings, Devices, Audio Devices, kisha kwenye Output to Headphones chagua All Audio. Usihangaike na za Bluetooth za kawaida, PS4 haizikubali.

Wanaocheza mpira wawili wawili, tumia tundu la hedifoni la TV na kigawanyio cha matundu mawili. Hedifoni hizo ziwe za aina moja, kama ni za omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zote ziwe 32, la sivyo mmoja atasikia kwa nguvu na mwenzake kwa mbali. Chagua zinazofunika sikio zima, mgongo wake umezibwa, na waya unaochomoka pande zote mbili, kwa kuwa kibandani waya ndio unaotangulia kufa. Mito ya ngozi bandia kwa joto na jasho la pwani hubanduka magamba. Ya kitambaa unaivua na kuifua.

SWALI: Sikio la kushoto halilii mpaka nikunje waya karibu na pini.
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Waya umekatika shingoni. Kata sentimita 3 kutoka kwenye pini na ununue pini mpya ya mikanda minne. Kabla ya kulehemu chochote, *pitisha kifuniko cha pini kwenye waya*. Wengi hukikumbuka kazi imekwisha, wakaanza upya. Nyuzi za ndani zina rangi iliyo kama vanishi, na lehemu haishiki juu yake: iunguze kwa ncha ya pasi ya kulehemu yenye lehemu mpaka shaba ing’ae. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya shaba tupu ni ya pamoja. Kwa simu na pedi za sasa, ncha ya pini ni kushoto, mkanda unaofuata kulia, wa tatu nyuzi ya pamoja, wa mwisho kabisa maiki.

Pima kwa mita ya umeme (multimita), ikiwa kwenye omu, kati ya ncha na mkanda wa tatu. Ukisoma karibu omu 32 kwa hedifoni ya omu 32, funga. Ukisoma sifuri, nyuzi zimegusana. Mita isiposoma kitu, vanishi haijaungua.