Mama anatembea, lakini asirudi kutoka kliniki peke yake

Dada, umeuliza mama atafikaje kusafishwa damu kwa mashine katika hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, ile tunayoiita Russia, mara mbili kwa wiki akitokea mtaa wa Nyalenda, nawe uko kazini. Anatembea kwa mkongojo, kwa hivyo ambulensi usiihangaikie. Boda nayo, nakusihi, hapana.

Tafuta mwenye tuktuk mnayemfahamu, wa mtaani au wa kanisani, mwelewane bei ya wiki nzima, kwenda na kurudi. Mlipe pia kwa kumngojea.

Kwenda si shida, kazi ni kurudi. Baada ya saa nne hivi za mashine presha inaweza kushuka, na aliyeingia akitembea vizuri anatoka na kizunguzungu. Baba yangu alishushwa barabarani siku moja, dereva akaenda zake. Tulimkuta ameegemea ua wa mabati, jasho linamtiririka, mkongojo umelala mtaroni. Niliumia sana. Tangu siku hiyo makubaliano yangu na dereva yakawa mlango hadi mlango: amfuate ndani, amsindikize mpaka kitini nyumbani, kisha anipigie simu.

Mwonyeshe dereva jinsi ya kumsaidia. Kabla ya kusimama, mama akae kidogo kwanza. Kupanda tuktuk, aketi ukingoni, halafu aingize miguu. Na mkono wenye mshipa unaounganishwa na mashine usivutwe wala kubanwa kabisa. Ashikwe ule mwingine.

Siku akitoka hoi, asiondoke kabla nesi hajampima presha tena.