Bega liliniuma, kumbe shida ni kizazi

Naandika hii kwa dada yeyote aliyetoa mimba, au imetoka yenyewe akasafishwa, na sasa anajisikia vibaya ila anajipa moyo kwa sababu damu haitoki nyingi. Mimi nilijipa moyo hivyohivyo.

Nilikuwa nakaa Pasua hapa Moshi, siku ya pili baada ya kusafishwa kwa siri. Damu kidogo tu hata pedi haijai, homa sina. Kilichoniuma ni bega, kule juu kabisa, nikilala chali ndo linazidi nikikaa linapungua, na tumbo limejaa gesi halafu naharisha kidogokidogo. Nikaenda dispensari nikasema bega na tumbo, mimba sikuitaja, nikaambiwa taifodi nikapewa dawa nikarudi nyumbani. Simlaumu yule daktari, angejuaje?

Usiku nikaamka kwenda chooni nikaona giza, nikaanguka. Mama mdogo akaita bajaji. Kwenye utrasaundi wakakuta damu imejaa tumboni, kizazi kilikuwa kimetobolewa na kifaa cha kusafishia, kwa hiyo damu badala ya kutokea chini ikawa inamwagikia ndani. Nikapasuliwa usiku uleule. Baadaye nikauliza sasa bega linahusikaje, daktari akasema damu ikigusa kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo inakichokoza, na neva ya kiwambo inaanzia shingoni pamoja na za begani, ndo maana maumivu unayasikia begani. Hata kuharisha, ni utumbo unasumbuliwa na ile damu.

Wodini jirani yangu yeye damu ilikatika ghafla akafurahi, kumbe imeganda ndani ya kizazi haina pa kutokea, tumbo likawa linakaza kama la uchungu. Na kuna wengine inakuja baada ya miezi, hedhi haionekani ila kila mwezi tumbo linauma, kumbe kuta za kizazi zimeshikana.

Kwa hiyo dada, ukiona bega, kizunguzungu, moyo unaenda mbio, tumbo gumu, kutapika au uchafu wenye harufu, usisubiri homa wala damu nyingi, nenda hospitali, dawa za maumivu zisikudanganye. Na sema: nilikuwa na mimba, imetoka siku fulani. Hospitali za serikali zina huduma ya mimba iliyoharibika, manesi wameshaona wengi. Kama unamwogopa uliyekuja naye, mwombe nesi amtoe nje kwanza. Mimi nilimwogopa mama mdogo, na ndo yeye alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.